Choo kikivuja: lini ushike spana, lini umwite fundi

Mwezi uliopita nilijitia ufundi. Choo cha nyumbani kilikuwa kikitiririka usiku kucha, nami nikasema silipi mtu kwa kazi ya raba. Nikabadilisha raba, mambo yakawa sawa. Kisha nikaikaza nati ya chini kwa nguvu zangu zote, nikasikia "ta!" Tangi la kauri likapasuka. Fundi nikamwita vilevile, na tangi jipya juu yake.

Hata hivyo sikwambii uite fundi kwa kila tone. Ndani ya tangi mna maji safi tu na vitu viwili vya kuangalia. Boya hupanda na maji, na yakifika kiasi chake hufunga valvu. Chini kuna raba inayoziba tundu la kuingilia chooni. Maji yakiwa yanamwagikia kwenye bomba la kati lililosimama, tatizo ni boya au valvu. Kama hayafiki pale, tia rangi ya biriani kidogo ndani ya tangi, usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, raba imechoka.

Wengi wetu Mombasa tunachanganya maji ya mfereji na ya kisima, na haya ya kisima huacha ukoko mweupe kwenye valvu. Funga koki, itoe, iroweke kwenye siki usiku kucha, isugue kwa mswaki mkuukuu. Huenda usihitaji kununua kitu. Ukihitaji, nenda dukani na kipande kibovu mkononi, maana valvu hazilingani. Na nati ya plastiki hukazwa kwa vidole, si kwa hasira.

Chini ya choo ni habari nyingine. Maji yakitoka kwenye kitako cha choo, au ukivuta maji yakaibuka kwenye tundu la bafuni, weka spana chini. Ya kitako, choo chenyewe hakikushikana na bomba lake. Yakiibuka bafuni, njia kuu imeziba au shimo limejaa. Hayo ni najisi, na ukiwa unakaa ghorofani, jirani wa chini ndiye atakayedondokewa, pengine juu ya mswala wake. Hapo kubahatisha ni kumdhulumu mwenzio.

Na shimo lenyewe usiingie, wala usimtume kijana wa mtaani kwa ujira mdogo. Hewa ya mle huua mtu kabla hajapiga kelele, na anayeshuka kumwokoa humfuata. Liitie gari la kunyonya.

Fundi akija, muulize bei ya kazi mbali na ya vifaa mbali, kabla hajafungua kitu. Wangu alilitazama lile tangi, akauliza ni fundi gani aliyekaza nati hii. Nikajifanya naitika simu.