Tiba ya Bibi na Tiba ya Daktari: Tusifichane



Hivi karibuni tulivuka feri ya Likoni, kina mama kumi na wawili, tukaelekea pwani ya Kwale kwa mapumziko ya siku tatu. Nia yetu ilikuwa kuipumzisha miili na kuzihuisha nyoyo, mbali na meko, simu na shughuli zisizokwisha. Mwenyeji wetu alikuwa bibi mmoja mzee, mkunga wa jadi, aliyeurithi ujuzi wa miti ya dawa kwa mamake.

Siku ya kwanza ilikuwa neema tupu. Baada ya Swala ya Alfajiri tulitembea ufukweni, kisha tukaketi mkekani huku bibi akitueleza habari za habasoda, tangawizi, karafuu, mchaichai na mwarobaini, mti uliopewa jina hilo kwa kusadikiwa kuwa hutibu maradhi arubaini. Alasiri tulisingwa kwa mafuta ya nazi, na usiku tukalala usingizi ambao wengi wetu tulikuwa tumeusahau.

Asubuhi ya pili, mwenzetu mmoja anayeishi na kisukari kwa miaka saba alianza kutetemeka. Jasho lilimtoka, maneno yakamchanganyika, na nusura aanguke. Miongoni mwetu alikuwamo muuguzi, naye alipompima aliikuta sukari imeshuka mno. Aliharakisha kumnywesha maji ya sukari, na baada ya muda hali ikatengemaa, Alhamdulillahi.

Ndipo siri ikafichuka. Kwa majuma kadhaa dada yetu alikuwa akinywa maji ya uwatu kila asubuhi. Siku ile aliyanywa pamoja na vidonge vyake vya hospitali, kisha akachelewa kula. Uwatu huweza kuteremsha sukari mwilini, na vidonge vyake navyo vina kazi hiyo hiyo. Viwili hivyo vikikutana katika tumbo tupu, sukari huweza kushuka kupita kiasi, na mtu akazimia au hata kufa. Daktari hakujua habari za uwatu, wala bibi hakujua habari za vidonge.

“Mbona hukuniambia, mwanangu?” bibi alimwuliza.

“Niliogopa, bibi. Daktari angenigombeza, nawe ungedhani siiamini dawa yako.”

“Imani yako iweke kwa Mwenyezi Mungu,” bibi akamjibu kwa upole. “Mimi niambie unachokunywa.”

Hofu ile si ya dada yetu peke yake. Ni wangapi kati yetu tunaoficha chupa ya dawa ya mitishamba tunapoingia kwa daktari, na kuficha karatasi ya daktari tunapokwenda kwa tabibu? Ilhali dini yetu haikuzigombanisha tiba hizi. Mtume Muhammad (S.A.W.) alituamrisha tujitibu, akaisifu habasoda na asali, na swahaba wake Saad bin Abi Waqqas alipougua, alimwelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu mjuzi wa kabila la Thaqif. Naye Bibi Rufaida aliwahudumia majeruhi katika hema lake msikitini Madina. Zaidi ya hayo, Mtume alitufundisha kwamba anayetibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta.

Wala tusidhani kuwa hospitali na miti ni maadui. Baadhi ya dawa za malaria zinazotolewa hospitalini leo asili yake ni mmea uliotumiwa na matabibu wa China kwa karne nyingi; Bibi Tu Youyou, aliyeongoza utafiti wake, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hapa Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba asilia. Kinachotudhuru ni kufichana.

Kwa hiyo, kina mama wenzetu, tushikamane na haya:

Tumwambie daktari kila tunachokunywa, na ikibidi tumpelekee majani au chupa yenyewe. Tabibu naye tumweleze vidonge tunavyomeza.

Tusiache dawa za kisukari, presha wala kifafa kwa kuwa tumejisikia nafuu, bila ya ushauri wa daktari.

Mwenye mimba asinywe mwarobaini, kwani huweza kuharibu mimba. Mafuta yake pia asinyweshwe mtoto mchanga.

Mtoto asilambishwe asali kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa sababu huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda. Katika tahniki, inatosha tende iliyolainishwa na kupakwa kidogo kaakaani.

Anayefanyiwa hijama ahakikishe wembe ni mpya na wa kwake peke yake, na vikombe ni safi, kwani damu hubeba virusi vya ukimwi na vya homa ya ini.

Siku ya tatu tulimwona bibi amebadili utaratibu wake. Kabla ya kumpa mtu chochote, alimwuliza kwanza: “Hospitali wamekupa nini?” Mwenye kusitasita alimsubiri hadi aseme. Tulipovuka feri kurudi Mombasa, dada yetu alikuwa na pakiti ya uwatu mkobani, pamoja na karatasi ya vidonge vyake. Alikuwa akienda kumwonyesha daktari vyote viwili.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie ukweli mbele ya wanaotutibu. Amin.