Je, Wajua? Scout hakuanza akiwa mtoto

Katika mswada wa kwanza wa riwaya wa mwandishi Harper Lee, ulioandikwa katikati ya miaka ya 1950, mhusika mkuu, Scout, ni mwanamke wa miaka 26. Anarudi kwao Alabama na kugundua kwamba baba yake, wakili Atticus Finch, anapinga Weusi kupewa haki sawa. Mhariri Tay Hohoff ndiye aliyemshauri Lee arudi nyuma, asimulie utoto wa Scout. Ushauri wa thamani: mtu mzima angetuhubiria kuhusu ubaguzi, ilhali mtoto huuliza maswali yanayowaumbua wakubwa.

Hivyo ikazaliwa riwaya ya To Kill a Mockingbird, iliyotoka 1960 na kupata Tuzo ya Pulitzer 1961. Ndani yake Tom Robinson, Mweusi, anashtakiwa kwa kumbaka mwanamke Mzungu, na Atticus ndiye anayemtetea. Ushahidi unaelekeza kwa mtu aliyempiga mwanamke huyo kwa mkono wa kushoto; wa Tom ulilemaa tangu udogoni, uliponaswa na mashine ya kuchambulia pamba. Hata hivyo wazee wa baraza, Wazungu watupu, wanamtia hatiani. Jem, kaka yake Scout, aliyekuwa na hakika kwamba wameshinda, anabubujikwa na machozi.

Lee hakuokota kisa hewani. Baba yake, naye wakili, aliwatetea Weusi wawili mwaka 1919, mtu na mwanawe, walioshtakiwa kwa mauaji. Wote walinyongwa.

Mswada ule wa kwanza ulichapishwa 2015 kwa jina Go Set a Watchman, na wasomaji wengi waliomtukuza Atticus walikasirika kwelikweli.