Ukilipa Ngiri Geti ya Tsavo, Finje ya Mbololo Huenda Wapi?

Leo hatuongelei nani ameachana na nani. Leo ni stori ya geti, ndovu na doo, na najua kidole chako kishaanza kuteleza kwenda stori inayofuata. Ngoja kidogo. Kama wewe ni wa Voi, Mwatate, Taveta ama Wundanyi, hii ni doo yenu. Kama wewe ni wa Nairobi na Tsavo unaijua tu kupitia dirisha la SGR, bado inakuhusu, juu siku ukiingia, ni mfuko wako utatoboka.

Anza na hesabu ya darasa la nne. Msee analipa ngiri moja kuingia mbuga ya taifa. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inasema angalau asilimia 5 ya manufaa ya mbuga za taifa iende kwa jamii zinazopakana nazo, iwekwe kwenye miradi ya maendeleo na mazingira. Asilimia 5 ya ngiri ni finje. Kwa kila ngiri, finje moja ya majirani. Sasa ukipatana na mtu wa Mbololo, muulize kwa heshima finje zao zimejenga nini tangu hiyo sheria ianze kazi Januari 2014. Usicheke, muulize tu.

Mbololo, kwa wale hawajui, ni wadi ndani ya eneo bunge la Voi. Juu kuna mlima na msitu wa ukungu, chini kuna tambarare kavu inayoelekea Tsavo. Mbuga zenyewe, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizaliwa Aprili 1948, wakati mkoloni alichora laini na waliokuwa wakiishi, kuwinda na kulisha mifugo hapo wakaambiwa wasonge. Ile ya Mashariki peke yake ina karibu kilomita mraba 13,700. Hiyo ni karibu kaunti ishirini za Nairobi zikipangwa pamoja. Magharibi ni kama 9,000 hivi. Ukisikia viongozi wa Taita Taveta wakisema asilimia 62 ya ardhi ya kaunti iko ndani ya Tsavo, hapo hawajatia chumvi. Wanasiasa wetu hutia chumvi kwa mambo mengi, lakini hii ndiyo figa inayotumika kila mahali.

Fikiria hivi: una ploti, theluthi mbili karibu ziko na mpangaji mkubwa ambaye kodi yake inalipwa kwa mwenye nyumba mwingine huko Nairobi. Wewe unabaki na kipande kidogo cha kulima mahindi na pojo. Halafu usiku wanyama wa mpangaji wanaruka fensi wanakula hayo mahindi.

Na si mahindi tu. Watu hufa. Sheria hiyo hiyo ya 2013 imeweka fidia: milioni 5 mtu akiuawa na mnyama, milioni 3 akibaki na ulemavu wa kudumu, mpaka milioni 2 kwa majeraha mengine. Kwenye karatasi ni doo ya maana. Shida ni kwamba fidia hutegemea bajeti ya serikali, na bajeti ikikauka madai yanalala kwa faili miaka na miaka. Mjane hawezi kupeleka faili kwa duka la unga.

Sasa tuingie kwenye mambo ya sheria, na nitajaribu nisikupoteze.

Kwanza jua kuna vitu viwili ambavyo watu huchanganya: mbuga ya taifa na hifadhi ya taifa. Mbuga ya taifa, kama Tsavo, iko chini ya KWS, shirika la serikali kuu. Doo ya geti inaingia huko. Hifadhi ya taifa, kama Maasai Mara, inasimamiwa na kaunti. Doo ya geti inaingia Narok. Ndiyo maana Narok inaweza kukaa chini na kuamua bei yake: tangu 2024 mgeni kutoka ng'ambo analipa Mara dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba, na dola 100 miezi ile mingine. Hiyo doo inaingia kwa bajeti ya kaunti, na MCA anaweza kuisimamia na kuiulizia maswali. Gavana wa Taita Taveta naye akiamka asubuhi anaona ndovu wekundu kwa mlango wake, lakini geti si lake.

Ndipo unasikia kila msimu wa siasa kelele za "tunataka nusu ya mapato ya Tsavo". Dai hilo ni la miaka mingi na magavana wameliimba kwa zamu. Wengine wanaenda mbali zaidi, wanataka Tsavo igeuzwe iwe hifadhi ya kaunti kama Mara. Hapa lazima tuambiane ukweli: hiyo haifanyiki kwa tamko la jukwaani. Sheria inataka ushirikishwaji wa umma, tathmini ya mazingira, na mwishowe Bunge la Kitaifa liidhinishe. Amboseli ni somo. 2005, wiki kadhaa kabla ya ile kura ya maoni ya katiba, serikali ya Kibaki iliamka na notisi ya kuipeleka Amboseli kwa baraza la Kajiado. Kesi zikaenda, na korti baadaye ikaifuta hiyo notisi juu utaratibu haukufuatwa. Enzi ya Ruto stori ikarudi mezani, safari hii kwa njia ya makubaliano ya kuhamisha usimamizi kwa kaunti. Karibu miaka ishirini imepita katikati. Kwa hivyo mheshimiwa akikuahidi Tsavo kabla ya Krismasi, muulize ni Krismasi ya mwaka gani.

Na tusimsulubishe KWS bila kusikiza upande wake. Hilo shirika lina mbuga nyingi, na ni chache tu zinazojilipa. Tsavo ni kati ya zinazoingiza. Doo ya watalii wa Voi inalipa pia maaskari wanaolinda mbuga za mbali ambazo mtalii hafiki, mahali kama Sibiloi huko Marsabit. Ukichukua nusu ya Tsavo leo asubuhi bila kuweka kitu kingine mahali pake, kuna geti mahali litakosa mafuta ya gari la doria. Tuliona 2020 wakati korona ilifunga ndege: watalii hawakuja, geti zikanyamaza, na serikali ikalazimika kuingiza pesa ndio mambo yasisimame. Shirika linaloishi kwa tiketi likikosa tiketi linakohoa.

Kwa hivyo mimi si wa kusema nusu kwa nusu kesho. Lakini finje? Hata finje?

Shida ya hiyo asilimia 5 iko kwa maneno yenyewe. Sheria inasema "manufaa". Manufaa ni nini? Ni doo yote ya geti, ama ni kile kinabaki baada ya kulipa mishahara, mafuta na barabara? Kama ni kile kinabaki, jitayarishe kuambiwa hakuna kilichobaki. Halafu "jamii jirani" ni nani? Ni wale wa Mbololo wanaoamka na ndovu kwa shamba, ama ni mtaa wowote ndani ya kaunti? Nani anashika hiyo doo: kaunti, kamati, ama akaunti ya kijiji? Sheria bila kanuni zinazojibu haya ni kama matatu bila makanga. Inaenda, lakini nauli hakuna anayejua ni ngapi.

Cheki majirani venye wamefanya. Uganda, sheria yao inasema asilimia 20 ya ada ya kuingia mbuga inarudi kwa jamii za karibu kupitia serikali za mitaa. Kwa ngiri yetu, hiyo ni soo mbili. Rwanda ilikuwa asilimia 5 kama sisi, halafu 2017 wakapandisha ikawa 10 ya mapato ya utalii wa mbuga. Hiyo ni soo moja. Marekani wao wana njia nyingine kabisa: sheria yao ya 2004 inataka angalau asilimia 80 ya ada inayokusanywa ibaki pale pale ilipokusanywa, irekebishe choo, njia na mabango ya hiyo hiyo mbuga. Huko mgeni anaona doo yake imeenda wapi, juu anaikalia.

Na huhitaji kwenda mbali hivyo. Kasigau, hapa hapa eneo bunge la Voi, watu wameuza hewa ya ukaa ya misitu yao tangu 2011, na sehemu ya hiyo doo imelipia wanafunzi karo na maji. Halafu 2023 Bunge likapitisha marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi: mradi wa hewa ya ukaa ulio kwenye ardhi lazima utoe angalau asilimia 40 ya mapato yake ya mwaka, gharama zikitolewa, kwa jamii. Soma hiyo tena. Mti ukisimama kwa ardhi yako, 40. Ndovu akisimama kwa shamba lako, 5. Bunge ni lile lile, na nchi ni ile ile. Mtu wa Mbololo akiuliza kwani mti una mjomba serikalini, sitamlaumu.

Kuna mswada pia umekuwa ukizunguka Seneti tangu 2014, wa kugawana manufaa ya rasilimali asili, wanyamapori wakiwemo. Umeletwa, ukaanguka, ukaletwa tena. Hadi leo ni mswada tu.

Haya, tuache majirani wa mbuga kidogo tuongee kuhusu wewe mgeni.

2025 serikali ilileta kanuni mpya za ada, ikisema bei hazikuwa zimepitiwa vizuri tangu 2007. Kwa Tsavo, mwananchi mtu mzima alikuwa analipa kama soo tano. Pendekezo likawa ngiri. Mgeni wa ng'ambo kutoka dola 52 hadi 80. Wenye kampuni za utalii wakakimbia kortini. Kwa hivyo kabla ufunge safari na mbogi, cheki bei ya siku hiyo kwa eCitizen, na ulipe kwa simu kabla hujafika, juu geti za KWS hazitaki keshi.

Lakini tiketi ndiyo sehemu rahisi. Ukishalipa, unaingia na nini? Tsavo hauruhusiwi kutembea kwa miguu kati ya simba, na hakuna matatu ya kukupeleka bwawa la Aruba ama mwamba wa Mudanda. Geti la Voi liko karibu kabisa na mji, unaweza kulifikia kwa boda, halafu pale pale safari inaisha kama huna gari. Kukodisha gari kwa siku kunakula mara nyingi ya ile ngiri. Matokeo? Kijana wa Mbololo amekua akiona ndovu kwa shamba la nyanya yake bure, lakini hajawahi kuwaona ndani ya mbuga. Nairobi kuna basi la mbuga wikendi. Voi, mji ambao maisha yake yote yako ubavuni mwa Tsavo, unastahili basi la namna hiyo, na hilo ni jambo linaweza kuandikwa kwa kanuni: sehemu ya ada ibaki kwa kila mbuga kwa huduma za wageni, na basi la wenyeji liwe kwenye orodha pamoja na vyoo na barabara.

Halafu kuna kitu kingine watu wa Mbololo wanacho na hakihitaji KWS. Huo msitu wenu wa juu. Ni mdogo, hekta mia mbili hivi, lakini kuna ua la urujuani la jamii ya Saintpaulia ambalo linajulikana kuota porini hapo Mbololo tu. Dunia nzima, hapo tu. Kuna ndege anaitwa Taita thrush ambaye wazungu hupanda ndege nyingine kubwa kuja kumtafuta. Katiba, kwenye Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya utalii wa ndani na bustani za kaunti. Maana yake Bunge la Kaunti pale Wundanyi linaweza kuketi na wenye msitu wapitishe sheria ya ada ndogo, maguide wenyeji wenye leseni, na doo igawanywe kabla hata haijatoka kijijini. Hiyo haingoji Nairobi.

Na ile ya Nairobi nayo ina mlango. Kifungu cha 119 cha katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Hulipi kitu. Huhitaji wakili, wala hauhitaji kumjua mtu. Unaandika unataka nini hasa, kwa mfano kanuni zinazosema asilimia 5 ni ya mapato ya geti na si ya mabaki, na kwamba kila mbuga itangaze kila mwaka imekusanya ngapi na majirani wamepata ngapi. Unaeleza kama umeshajaribu ofisi nyingine na zikasema nini. Unasema kama hilo jambo liko kortini ama haliko. Unaweka jina, anwani na sahihi, ama kidole gumba kama ni mzee wako hajui kuandika, halafu unampa mbunge wako alipeleke ama unalipeleka mwenyewe kwa karani wa Bunge. Likiwa na sahihi za wadi nzima, chukua picha ya kila ukurasa kabla halijaondoka mkononi mwako.