Ufaransa: Reli iliyokufa yageuka barabara ya waendesha baiskeli

Leo tunakwenda mashariki ya kati ya Ufaransa, katika vilima vya Bourgogne, ambako kuna barabara ya lami yenye upana wa kama mita tatu isiyopitwa na gari. Wanaoitumia ni waendesha baiskeli, waendao kwa miguu, watoto wenye viatu vya magurudumu na mara mojamoja mpanda farasi. Barabara hiyo hapo zamani ilikuwa reli. Reli zilizokufa zimejaa duniani, lakini ni chache zilizogeuka kuwa kitu chenye manufaa. Je, hii ilinusurika vipi?

Safari yangu ilianzia Givry, mji mdogo unaosifika kwa mvinyo wake mwekundu, kilomita chache magharibi ya Chalon-sur-Saône. Ilikuwa asubuhi ya katikati ya wiki. Kwa kilomita mbili za mwanzo nilikuwa nikigeuza shingo kutazama nyuma kila baada ya dakika moja, kama afanyavyo kila aliyezoea kuendesha baiskeli kandokando ya malori. Hakuna kilichokuja. Baada ya hapo shingo ilitulia, na masikio yakaanza kazi: mlio wa mnyororo, ndege katika vichaka, na sauti ya mkulima akizungumza na mwenzake katikati ya mizabibu, mbali na njia.

Ili kuelewa utulivu huo, hatuna budi kurudi katika karne ya 19. Wakati huo Ufaransa ilijenga reli hadi mashambani. Mwaka 1879 ilipitishwa sheria ya mpango wa Charles de Freycinet, aliyekuwa waziri wa ujenzi, uliolenga kuyafikishia reli hata makao makuu ya wilaya ndogo. Mvinyo, mawe ya ujenzi, ng'ombe na abiria, vyote vikasafiri kwa gari moshi. Lakini baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, malori na mabasi yakaanza kuchukua mizigo na watu. Shirika la reli la taifa, SNCF, lilipoanza kazi tarehe 1 Januari 1938, lilirithi njia nyingi zilizokuwa zikiendeshwa kwa hasara, na kazi ya kuzifunga ikaanza bila kukawia. Iliendelea kwa miongo kadhaa. Vijana nao walikuwa wakihamia mijini, na vijiji vikapungukiwa na watu.

Reli inapofungwa, hatari kubwa haimo katika kutu ya vyuma vyake, bali katika kugawanywa kwa ardhi yake. Kipande kimoja hununuliwa na mkulima akakiunganisha na shamba lake. Stesheni hugeuzwa nyumba ya mtu, na njia ikawa bustani. Daraja hubomolewa kwa kuwa hakuna anayetaka kulipia matengenezo yake. Kila uamuzi peke yake unaonekana kuwa wa busara, lakini baada ya miaka ishirini njia iliyochimbwa kwa jasho la maelfu ya vibarua haipo tena, na hakuna serikali yenye fedha za kuinunua upya kipande kwa kipande.

Katika mkoa wa Saône-et-Loire mambo yalikwenda vingine. Njia ya reli kati ya Givry na Cluny, yenye urefu wa kilomita 44, ilibaki nzima. Baraza la mkoa likaifanya barabara ya lami, na mwaka 1997 ikafunguliwa kwa wasiotumia injini. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini Ufaransa, na ikapewa jina la voie verte, yaani njia ya kijani. Baadaye ilirefushwa kaskazini hadi Chalon na kusini hadi karibu na mji wa Mâcon.

Sheria ilikuja baadaye. Ni mwezi Septemba mwaka 2004 ndipo amri ya serikali ilipoiingiza njia ya kijani katika kanuni za barabarani, kuwa ni barabara iliyotengwa kwa ajili ya vyombo visivyo na injini, waendao kwa miguu na wapanda farasi. Baiskeli yenye mota ya umeme inaruhusiwa, mradi mota hiyo imsaidie tu anayekanyaga pedali na ikome kusaidia mwendo unapofikia kilomita 25 kwa saa.

Sasa msikilizaji huenda ukauliza: katika nchi ya vilima, inawezekanaje mtoto wa miaka minane au bibi wa miaka sabini aendeshe baiskeli kutwa nzima bila kuchoka? Jibu limo katika tabia ya gari moshi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki sana, na kwa hiyo treni nzito haiwezi kupanda mlima mkali. Wahandisi walilazimika kutafuta mabonde, kuchimba vilima mahali palipoinuka na kujaza matuta mahali palipozama, ili mwinuko usizidi mita mbili au tatu hivi kwa kila mita mia moja. Barabara ya kawaida ya kijijini hupanda kilima moja kwa moja, wakati mwingine mita nane au kumi kwa kila mia. Basi mwendesha baiskeli anayefuata njia ya reli huviona vilima kulia na kushoto, lakini havimgusi miguu.

Kutoka Givry njia inapita Buxy, chini ya mizabibu ya zabibu nyeupe, halafu inafika Saint-Gengoux-le-National na kushuka katika bonde la mto Grosne. Hapo mizabibu inapungua na malisho yanaanza, pamoja na ng'ombe weupe wa Charolais wanaomtazama mpita njia bila kuacha kutafuna. Mbele kuna Cormatin na jumba lake la kifahari la karne ya 17, kisha kilima cha Taizé, ambako tangu mwaka 1940 kuna jumuiya ya watawa inayotembelewa na vijana wa Kikristo kutoka mataifa mengi, wakiwamo wa Afrika.

Atakaye kuonja vilima vyenyewe huiacha njia ya kijani na kushika barabara za mkoa, zinazotambulika kwa herufi D. Ufaransa ina zaidi ya kilomita milioni moja za barabara, na barabara za D peke yake zinakaribia kilomita 380,000. Kwa vile magari ya safari ndefu hukimbilia barabara kuu za kulipia, nyingi kati ya hizo ndogo hubaki karibu tupu. Katika ramani za Michelin, zile zilizochorwa kwa rangi nyeupe ndizo zenye magari machache, na ukingo wa rangi ya kijani huonyesha mandhari nzuri.

Lakini utupu si usalama. Kanuni za Ufaransa zinamtaka dereva anayempita mwendesha baiskeli amwachie nafasi ya mita moja mjini na mita moja na nusu nje ya mji. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni waendesha baiskeli zaidi ya 200 wamekuwa wakipoteza maisha kila mwaka katika barabara za nchi hiyo, wengi wao nje ya miji, ambako magari huenda kasi. Usiku, au wakati wa ukungu, kizibao kinachong'aa ni lazima nje ya mji tangu mwaka 2008, na mtoto aliye chini ya miaka 12 hana budi kuvaa kofia ngumu tangu mwaka 2017.

Kwa anayekusudia kwenda, kuna mambo machache ya kukumbuka. Treni za mikoani zinazosimama Chalon na Mâcon hupokea baiskeli. Maduka ya vijijini hufungwa adhuhuri kwa saa mbili hivi, na vijiji vingine havina duka kabisa, kwa hiyo beba mkate wako. Maji hupatikana makaburini: karibu kila kijiji kina bomba la kumwagilia maua ya makaburi, na waendesha baiskeli wa Ufaransa hulijua siku zote. Soma kwanza kibao, kwani baadhi ya mabomba yameandikwa kuwa maji yake si ya kunywa. Na unapokutana na mtu njiani, mwamkie. Kijijini Ufaransa, kama kwetu, kupita kimya ni utovu wa adabu.

Kusini ya Cluny kuna handaki la reli la Bois Clair, lenye urefu wa mita 1,600, linalopita chini ya mlima. Ndani yake kuna baridi hata katikati ya kiangazi. Katika miezi ya baridi hufungwa, kwa sababu popo hulala humo, na wasafiri hulazimika kupanda mlima kwa barabara ya juu.

Si haki, hata hivyo, kuusifia utulivu huu bila kutaja gharama yake. Mzee wa kijijini asiye na gari, ambaye zamani angepanda treni kwenda hospitali, hawezi kwenda huko kwa baiskeli. Njia ya kijani haikuziba pengo lililoachwa na gari moshi. Ilichofanya ni kuitunza ardhi isikatwe vipande, na ardhi iliyobaki nzima inaweza kubadilishiwa kazi tena siku moja, hata kurudishiwa reli.

Wasikilizaji wa Unguja huenda mmesikia habari za reli ya Bububu, iliyotoka mjini kufuata pwani kwa kilomita kama 11 mwanzoni mwa karne ya 20, ikaacha kubeba abiria katika miaka ya 1920. Leo anayetaka kuiona hutazama picha za kale. Na anayekwenda Bububu kwa baiskeli hugawana barabara na daladala.

Nilifika Cluny alasiri. Mji huu ulikuwa na abasia iliyoanzishwa mwaka 910. Kanisa lake la tatu, lililoanza kujengwa mwaka 1088, lilikuwa kubwa kuliko makanisa yote ya Kikristo hadi lilipojengwa upya la Mtakatifu Petro mjini Roma. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1798, liliuzwa, likabomolewa kwa miaka mingi, na mawe yake yakajengewa nyumba na mazizi. Kilichobaki hakifiki sehemu moja ya kumi. Mgeni husimama chini ya mnara uliosalia na kujaribu kukisia ukubwa wa kile kilichokuwapo.

Wakati ninautazama mnara huo, watoto watatu walipita na baiskeli zao kuelekea njia ya reli, wakishindana, na hakuna mtu mzima aliyewaita warudi.