Gari la kukimbia Kiseke: Chagua tairi kwa barabara na mzigo, si kwa sifa

MWENYE gari dogo la kukimbia anapofika dukani kununua matairi, swali la kwanza analoulizwa ni ukubwa wa rimu. La pili ni fedha aliyonayo. Baada ya hapo tairi hushushwa, hupigwa kofi ubavuni ili mteja asikie lilivyo gumu, na biashara inaishia hapo. Mambo mengine muhimu hayaulizwi, na ndipo wengi wanapopoteza fedha na wengine kuhatarisha maisha yao.

Kwa wakazi wa Kiseke, katika Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, jambo hili si la matajiri peke yao. Magari kama Toyota Altezza, yaliyotengenezwa Japan kati ya mwaka 1998 na 2005, yaliingia nchini yakiwa yametumika na bei zake zikashuka kadiri miaka ilivyopita. Gari lililopewa tuzo ya Gari Bora la Mwaka nchini Japan 1998-1999 linaweza leo kuwa mali ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi, muuza dagaa, au mkulima wa mpunga aliyepata msimu mzuri. Asubuhi linampeleka mjini, mchana linabeba bidhaa, na Jumamosi linapeleka watu harusini.

Kwa mtu huyo gari ni chombo cha kazi. Kila shilingi inayoingia kwenye matairi imetoka kwenye mtaji wa duka au fedha ya mbolea. Kwa sababu hiyo ni vyema akajua anachonunua.

Lami na mawe

Mwanza huitwa Jiji la Miamba, na Kiseke ni sehemu ya jiji hilo. Mtu anayetoka Sabasaba kuelekea Buswelu hutembea kwenye lami, lakini akikata kuingia mtaani hukutana na changarawe, mawe yaliyochomoza na mifereji iliyochimbwa na mvua. Safari moja tu ya kwenda dukani na kurudi nyumbani inaweza kuwa na barabara za aina zote mbili.

Matairi ya magari ya kukimbia hayakutengenezwa kwa hali hiyo. Huwa mapana, yenye ubavu mfupi na mpira laini unaoshika lami vizuri wakati wa kukata kona na kufunga breki. Faida hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, ubavu mfupi una mpira mchache wa kupokea kishindo cha jiwe, na mpira laini huisha haraka.

Soma ubavuni kabla ya kulipa

Kila kitu ambacho mnunuzi anahitaji kujua kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Chukua mfano wa tairi lililoandikwa 205/55R16 91V, ukubwa uliotumika kwenye Altezza nyingi. Namba 205 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 55 inaonyesha kuwa kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, yaani milimita 113 hivi. Herufi R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Namba inayofuata, 91, ndiyo ambayo wateja wengi huiruka. Hiyo ni namba ya mzigo, na maana yake ni kwamba tairi moja linaweza kubeba hadi kilo 615 likiwa na upepo unaotakiwa. Namba 87 ni kilo 545. Herufi ya mwisho ni ya mwendo: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240 na W ni 270.

Mtu anaweza kuuliza faida ya tairi la kilomita 240 kwa saa wakati kwenye makazi ya watu sheria inaruhusu 50 tu. Jibu ni kwamba herufi hiyo hupima pia uwezo wa tairi kustahimili joto. Hivyo basi, mnunuzi asishuke chini ya kiwango kilichowekwa na mtengenezaji wa gari lake, lakini pia hana sababu ya kulipia zaidi ili asifiwe kijiweni.

Baadhi ya matairi yana neno TREADWEAR na namba. Huo ni upimaji wa Marekani wa kasi ya kuisha kwa mpira. Katika kipimo hicho, tairi lenye 400 linatarajiwa kudumu mara mbili ya lenye 200. Matairi mengi ya kukimbia huwa na namba ndogo, na ya matumizi ya kawaida huwa na 400 na kuendelea. Namba hizi si kipimo kamili unapolinganisha matairi ya viwanda tofauti, lakini humsaidia mnunuzi kujua anaelekea wapi. Karibu na hapo kuna neno TRACTION lenye herufi AA, A, B au C, ambazo hupima jinsi tairi linavyofunga breki kwenye barabara yenye maji. AA ndiyo bora. Kwa mkoa wenye mvua za Oktoba hadi Desemba na za Machi hadi Mei, herufi hiyo isipuuzwe.

Rimu kubwa, mpira mwembamba

Vijana wengi hupenda kuondoa rimu za inchi 16 na kuweka za 17 au 18. Gari hupendeza, lakini ni vyema kupiga hesabu. Tairi la 215/45R17 lina ubavu wa milimita 97 hivi, wakati lile la 205/55R16 lina 113. Kwa kuwa vipenyo vyote vya nje vinakaribiana, milimita 625 na 632, kilichopungua ni mpira ulio kati ya jiwe na rimu. Gurudumu likitumbukia kwenye shimo, mpira hubanwa, nyuzi za ubavuni hukatika na nundu hutokea. Tairi lenye nundu halina matengenezo, na rimu iliyopinda nayo inadai gharama yake.

Mabingwa wa mbio za magari wanalijua jambo hili. Katika Safari Rally ya Kenya, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, magari yenye kasi kubwa hukimbia juu ya vumbi na mawe ya Naivasha yakiwa na rimu za inchi 15 na matairi yenye ubavu mnene. Rimu za inchi 18 huwekwa kwenye mashindano ya lami. Kama gari la mashindano huvuliwa rimu kubwa linapokwenda kwenye mawe, gari la mfanyabiashara wa Kiseke halina sababu ya kufanya kinyume.

Mwenye Altezza anayeishi mtaa wa mawe anaweza kubaki na inchi 16. Akitaka ubavu mnene zaidi, 195/65R15 ina kipenyo cha nje kinachokaribiana sana na hicho, lakini fundi ahakikishe kwanza kuwa rimu ya inchi 15 haigusi breki. Kwa mtu ambaye safari zake karibu zote ni za lami, inchi 17 si kosa, ilimradi asisahau namba ya mzigo.

Matairi ya theluji

Magari mengi yaliyotumika Japan huja na matairi yake, na miongoni mwa matairi hayo yapo ya majira ya baridi. Hutambulika kwa neno STUDLESS au alama ya mlima wenye kipande cha theluji. Kashata zake huonekana nene na zenye mikato mingi midogo, jambo linalomfanya mnunuzi adhani amepata kitu imara. Kumbe mpira wake ni laini kwa makusudi, ili ushike kwenye barafu. Kwenye lami ya Mwanza inayochomwa na jua, huisha upesi na gari huyumba kwenye kona. Kwa bei yoyote, hayo si matairi ya Kanda ya Ziwa.

Tarehe ya kuzaliwa

Tairi huzeeka hata likikaa stoo. Baada ya herufi DOT kuna msururu wa alama unaoishia na namba nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Msururu ukiishia na namba tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Viwanda kadhaa vikubwa vinashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na libadilishwe likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama kashata bado zipo. Nyufa ndogo ubavuni ni dalili ya uzee, na rangi nyeusi ya kupaka inaweza kuzificha.

Mtumba au jipya?

Uchaguzi wa matairi ya kutengenezwa karibu na nyumbani umepungua. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na kile cha Sameer cha Nairobi, kilichotengeneza matairi ya Yana, kilisitisha kutengeneza mwaka 2016. Mnunuzi amebaki na matairi yanayotoka nje, mapya au yaliyotumika.

Tuseme, kwa mfano tu, tairi jipya ni Sh. 220,000 na litatembea kilomita 40,000. Tairi la mtumba ni Sh. 90,000 na limebakiza kilomita 12,000. Jipya litagharimu Sh. 5.50 kwa kila kilomita, na la mtumba Sh. 7.50. Kwa matairi manne ni Sh. 22 dhidi ya Sh. 30. Anayetembea kilomita 20,000 kwa mwaka atatumia Sh. 440,000 kwa mapya na Sh. 600,000 kwa mitumba, mbali na gharama ya kufunga na kusawazisha kila anapobadilisha. Kila mmoja aweke bei halisi alizopewa dukani, kisha agawe kwa kilomita anazotarajia. Mara nyingi rahisi hugeuka kuwa ghali.

Asiye na fedha ya manne ni heri anunue mawili mapya kuliko mitumba minne. Hayo mawili yafungwe nyuma. Wengi hupenda kuyaweka mbele kwenye usukani, lakini matairi ya nyuma yakiteleza kwenye maji, gari hugeuka na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Kwa Altezza, ambayo injini huzungusha magurudumu ya nyuma, sababu hiyo ina uzito zaidi. Matairi ya ekseli moja yawe ya ukubwa, aina na uchakavu mmoja. Yenye mshale wa ROTATION yafungwe kufuata mshale, na yenye neno OUTSIDE upande huo uangalie nje.

Mzigo na upepo

Tairi zuri huuawa na mzigo na upepo mdogo. Japan hukadiria abiria mmoja kuwa na kilo 55, hivyo gari la watu watano huhesabiwa kubeba kilo 275. Mifuko sita ya saruji ya kilo 50 ni kilo 300 kabla dereva hajaingia, na karibu uzito wote huo hukaa juu ya matairi mawili ya nyuma. Ubavu hupinda kila tairi linapozunguka, joto hupanda, na kwenye mwendo mkali wa kuelekea Magu na Lamadi, au Sengerema na Geita kupitia daraja la Kigongo-Busisi lililozinduliwa Juni 2025, tairi linaweza kupasuka. Mzigo wa namna hiyo ni wa kirikuu au pikapu.

Kipimo sahihi cha upepo kipo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kile kilichoandikwa kwenye tairi ni kikomo. Vibandiko vya Japan hutumia kPa, na paundi moja ni sawa na kPa 6.9, hivyo 230 ni paundi 33 hivi. Upimaji ufanyike asubuhi kabla gari halijatembea, walau mara mbili kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu.

Ndani ya mifereji ya kashata kuna vinundu vidogo vya mpira. Kashata zikilingana navyo, zimebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Wakati wa masika ni busara kubadilisha mapema zaidi, kwa sababu tairi pana lililoisha huelea juu ya maji.

Kwa kifupi, mnunuzi aende dukani na karatasi yenye mambo matano: ukubwa, namba ya mzigo, herufi ya mwendo, mwaka ambao asingependa tairi liwe la kabla yake, na bei ya mwisho anayoweza kulipa. Ushauri huu unamfaa pia mwenye Corolla au Noah. Muuzaji akikataa tairi lisisomwe mchana kweupe, duka la pili haliko mbali.