Maji ya AC Yakimwagikia kwa Jirani, Nani Analipa?

Jamani wale mnaouza AC mtandaoni, njooni tuongee kidogo kabla joto halijachanganya. Kuanzia Novemba hivi Dar inaanza kuchemka, na posti zetu zote zinafanana: picha ya AC, bei, halafu chini yake "ufungaji bure ndani ya Dar". Mimi nimeandika hivyo misimu miwili mfululizo. Hayo maneno mawili, ufungaji bure, yalinitoa Sh 2,300,000 kwa AC moja ambayo faida yake ilikuwa Sh 90,000.

Mteja alikuwa mama mmoja, anakaa ghorofa ya pili, Kinondoni. AC ya BTU 12,000. Nikamtuma fundi ninayemtumia siku zote. Siyo mwajiriwa wangu, namlipa kwa kazi. Akafunga, chumba kikapoa, mama akanitumia voisi ya kunishukuru, nami nikaiweka stori kama ushuhuda. Siku 19 baadaye napokea simu: "Mwanangu, hebu njoo haraka, huku chini kumeharibika."

Chini yake kuna dada anakodisha magauni ya harusi.

Kwa asiyejua, AC inatoa maji. Ikipoza hewa, ule unyevu unageuka maji kwenye kifaa cha ndani, na maji hayo yanatakiwa kutoka nje kwa kibomba chenye mteremko. Kwa unyevu wa Dar, AC moja ikiwaka usiku kucha inaweza kukujazia ndoo. Fundi wangu alipitisha bomba ukutani, na pale kwenye kona likapanda badala ya kushuka. Maji yakarudi, yakatafuta njia yake ndani ya ukuta, yakaenda kushukia kwenye kabati la magauni. Magauni 7, meupe, yana madoa ya rangi ya ukuta. Dobi aliyaangalia akatikisa kichwa.

Niseme ukweli, mwanzoni sikuogopa sana. Mimi nina bima bwana! Kila mwaka nalipia stoo yangu, moto na wizi. Nikampigia wakala wangu, akaniuliza swali moja tu: "Kilichoharibika ni cha nani?" Nikamwambia ni cha dada wa chini. Akanyamaza kidogo. "Basi dada yangu, hiyo bima yako haihusiki. Hiyo inalinda mali yako. Ya watu ni bima nyingine."

Hiyo nyingine inaitwa bima ya dhima. Dhima ni lile deni linalokuangukia pale kazi yako au bidhaa yako inapomuumiza mtu au kumharibia mali. Kama una gari au bodaboda unaijua tayari: ile ya mtu wa tatu, wengine tunaita thedi pati. Ukigonga gari la mwenzio, analipwa yeye, la kwako utajijua. Bima ya dhima ni thedi pati ya kazi yako. Tofauti ni kwamba ya gari trafiki anakudai barabarani, ila hii hakuna anayekusimamisha kukuuliza, kwa hiyo unaigundua siku ambayo ulitakiwa uwe nayo tayari.

Utasema, mimi ni muuzaji tu, fundi ndiye aliyekosea. Nilisema hivyo hivyo. Lakini mama yule hakumlipa fundi, hata jina lake la pili halijui. Alinilipa mimi, na posti yangu inasema nauza na kufunga. Ukiahidi kufunga, unaingia kwenye viatu vya mkandarasi, hata kama hujawahi kushika spana. Fundi wangu alipoona mambo yamekuwa makubwa alizima simu siku nne. Ana mfuko wa vifaa na pikipiki ya mkopo, hata ningemshtaki ningepata nini?

Na maji ndiyo madogo. Kile kifaa cha nje cha BTU 18,000 kinafika kilo 30 na kuendelea, kinaning'inia kwenye breketi mbili za chuma juu ya vichwa vya watu. Sisi wa pwani tunaijua chumvi inavyokula chuma. Waya ukiwa mwembamba kuliko mzigo wa AC unachemka taratibu ndani ya ukuta, na nyumba ikishika moto hutalipia magauni 7, utalipia nyumba. Halafu kuna suala la gesi. AC nyingi mpya zinakuja na R32, ambayo inaweza kushika moto, tofauti na ile R22 ya zamani waliyoizoea mafundi wengi. Fundi anayechomelea bomba bila kuhakikisha gesi imetoka anacheza na nyumba ya mtu.

Baada ya yale magauni nilikaa na broka wa bima karibu saa mbili, daftari mkononi. Nilichojifunza siyo "kata bima" basi. Nilijifunza kwamba unaweza kulipia bima ya dhima na bado ukakosa kulipwa, kwa sababu ulinunua ambayo haifanani na kazi yako.

Kubwa kuliko yote ni hili: kazi ikiisha, bima inaendelea au inaisha nayo? Kuna bima ya dhima kwa umma ambayo inakulinda wakati mnafanya kazi. Fundi yuko juu ya ngazi, nyundo ikamponyoka ikavunja kioo cha gari la jirani, unalipiwa. Lakini AC kwa kawaida haileti balaa siku ya kufungwa. Inaleta wiki ya tatu, au mwezi wa tano, mteja akiwa amelala. Usipokuwa na kipengele cha dhima ya bidhaa na kazi iliyokamilika, dai kama la magauni yangu lingekataliwa, pamoja na kwamba ada nimelipa. Kwa hiyo usimuulize wakala "hii ni bei gani" kabla hujamuuliza "fundi akishaondoka, mwezi wa tatu maji yakivuja, mnalipa?" Akisema ndiyo, mwambie akuonyeshe mstari wenyewe kwenye hati. Mdomo haulipi.

Jingine lililonishangaza: bima hii hailipi kurekebisha kazi yako mbovu. Lile bomba lililopinda, kulifungua na kulifunga upya ni gharama yangu. Inacholipa ni uharibifu uliotokana na huo ubovu, yaani magauni, dari, ukuta wa jirani. Mwanzoni niliona ni uonevu, baadaye nikaelewa. Kama wangelipia na kazi mbovu, nani angehangaika kutafuta fundi mzuri?

Kuna na AC ya mteja unayoichukua kwenda kuitengeneza. Ikiungua au ikiibiwa ikiwa kwenye stoo yako, bima nyingi za dhima haziihesabu, maana hiyo mali iko mikononi mwako. Kama unafanya sana sevisi, litaje mapema. Na zile ahadi zetu za kwenye posti, "garantii miaka 10, chochote kikitokea tunalipa", hizo ni zako peke yako. Bima inafuata dhima ambayo sheria ingekubebesha, haifuati maneno matamu uliyoyaongeza ili mteja atume hela haraka.

Kama mnachomelea kwa moto, hati inaweza kuweka masharti, kwa mfano kizima moto kiwe karibu na mtu abaki kuangalia kwa muda baada ya kuzima. Soma. Dai linaweza kufia hapo.

Sasa fundi. Kwenye fomu nilikuta sehemu ya kueleza nani anafanya kazi: waajiriwa au mafundi wa nje. Usidanganye hapo, ukisema huna mafundi wa nje halafu aliyesababisha hasara ni fundi wa nje, umeshajichimbia. Wanaweza pia kuuliza sifa zake. Leseni za ufungaji umeme Tanzania zinatolewa na EWURA, na makandarasi wanasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Ukitaka tenda za hoteli au ofisi hizo karatasi utaulizwa, na cheti cha bima ya dhima pia. Na kumbuka fundi mwenyewe akianguka kwenye ngazi, hii bima siyo yake, inalinda watu wa nje. Mwajiriwa wako anaingia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri unatakiwa kujisajili na kuchangia.

Bei je? Najua ndicho ulichokuwa unasubiri. Siwezi kukutajia moja, kwa sababu wanaangalia mauzo yako ya mwaka, mnapanda ghorofa ya ngapi, mnachomelea au la, na kikomo cha malipo unachotaka. Kikomo kina sura mbili: kwa tukio moja na kwa mwaka mzima. Kuna pia kiasi cha mwanzo unachojibebea mwenyewe kila dai. Mimi nilipewa bei nzuri sana mahali fulani, kumbe hicho kiasi cha mwanzo kilikuwa kikubwa kuliko hasara yangu ya magauni! Nikacheka peke yangu. Chukua bei kwa watu watatu, uzilinganishe kikomo kwa kikomo.

Ukishalipa, usilale na risiti tu. Hakiki hati yako kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Hela ilipwe kwa kampuni, siyo kwenye namba ya simu ya mtu binafsi "halafu nitakuingizia". Wewe mwenyewe unauza mtandaoni, matapeli unawajua.

Na siku likitokea, chunga mdomo. Mimi pale kwa dada wa magauni, kwa huruma na aibu, nilimwandikia WhatsApp: "Pole sana dada, ni kosa letu, nitalipa kila kitu." Broka aliisoma ile meseji akashika kichwa. Akasema ningekuwa na bima, hiyo meseji ingeweza kuniharibia dai, kwa sababu hati nyingi zinakukataza kukubali kosa au kuahidi malipo kabla kampuni haijajua. Sasa sisi tumelelewa kuomba radhi, utafanyaje? Unaweza kumpa mtu pole bila kusaini deni. "Pole sana, nimeona hali, nakuja na mtu wa kuangalia, kesho nakupa jibu." Zima AC, piga picha na video za kila kona, andika tarehe na saa, usitupe kile kibomba, kisha toa taarifa kwenye bima siku hiyo hiyo. Wakikukatalia na unaona wamekuonea, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, unapeleka malalamiko yako kule.

Posti zangu sasa hivi hazina "bure". Nimetenganisha: AC bei yake, ufungaji bei yake, na ninasema fundi ana leseni na kazi ina bima. Kuna wateja wanaokimbia wakiona hiyo Sh 80,000 ya ufungaji. Kuna wengine, hasa wenye nyumba za kupangisha, wananiuliza kwanza hiyo bima ndiyo ipi, halafu wanachukua AC tatu. Fundi mpya nikimtuma, lazima amwage lita moja ya maji kwenye kile kifaa cha ndani, anitumie video yakitoka nje. Inachukua dakika tano.

Magauni niliyalipa kwa awamu 4, ya mwisho ilikuwa Machi. Yule mama wa juu bado ni mteja wangu, juzi kachukua feni. Dada wa magauni simu zangu hapokei.