Namba ya Petroli na Nguvu ya Injini Ndogo

Juma lililopita tulizungumza juu ya plagi na jinsi ya kuisafisha. Leo tutazungumza juu ya petroli yenyewe, na hasa juu ya ile namba yake: 91, 93 au 95. Namba hiyo huitwa namba ya okteni. Somo hili ni la kila mwenye pikipiki, jenereta, au mashine ndogo ya kuvuta maji shambani. Kiongozi wa kikundi, tafadhali weka pampu ya baiskeli karibu nawe, tutaihitaji.

Wako watu wasemao, "Namba kubwa, nguvu nyingi." Wako wengine wasemao, "Petroli ni petroli. Hata ukitia mafuta ya taa kidogo, mashine itakwenda." Wote wamekosea. Wa kwanza hupoteza fedha, na wa pili hupoteza mashine. Basi tutazame sababu.

Sasa shika ile pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, usukume mpini kwa nguvu mara kumi, kisha gusa sehemu ya chini. Imepata moto, sivyo? Hewa ikishindiliwa hupata moto. Ndivyo ilivyo ndani ya silinda. Pistoni ikishuka, silinda huvuta hewa iliyochanganyika na mvuke wa petroli. Pistoni ikipanda, hushindilia mchanganyiko huo mahali padogo. Kama nafasi ilikuwa sehemu tisa na sasa imebaki sehemu moja, twasema injini hiyo hushindilia tisa kwa moja. Injini ndogo za zamani zenye vali za pembeni nyingi zilishindilia kama sita kwa moja tu. Injini ya Honda GX160, ambayo hufungwa kwenye pampu za maji na jenereta nyingi, hushindilia karibu tisa kwa moja.

Mchanganyiko ukiisha kushindiliwa, plagi hutoa cheche. Moto huanzia hapo kwenye plagi na kusambaa kwa utaratibu mpaka upande wa pili, ukiisukuma pistoni chini. Mfano wake ni mkulima anayechoma majani makavu shambani: huwasha upande mmoja, na moto huenda polepole mpaka mwisho. Lakini ikiwa majani ya upande wa pili yatashika moto yenyewe kabla moto wa kwanza haujafika, itakuwaje? Itakuwa hatari. Katika silinda jambo hilo huitwa kugonga. Mabaki ya petroli yaliyo mbali na plagi hulipuka yenyewe kwa ghafula kwa sababu ya joto na kushindiliwa. Utasikia sauti kama changarawe ndani ya kopo, hasa pikipiki inapopanda mlima na mzigo.

Namba ya okteni ni kipimo cha uvumilivu wa petroli: yaani, itavumilia kushindiliwa na joto kiasi gani bila kulipuka yenyewe. Kipimo hiki kilitungwa Marekani katika miaka ya 1920 na mtaalamu wa kemia Graham Edgar. Alichukua vitu viwili. Kimoja, hepteni, hugonga upesi mno. Akakipa namba 0. Cha pili, isookteni, huvumilia sana. Akakipa namba 100. Petroli ya namba 91 ni ile inayovumilia sawa na mchanganyiko wa sehemu 91 za isookteni na sehemu 9 za hepteni, zikijaribiwa katika injini maalumu ya silinda moja.

Angalieni jambo moja. Vitabu vya mashine kutoka Marekani huandika 86 au 87, kwa sababu wao hupima kwa wastani wa njia mbili. 87 yao ni karibu sawa na 91 ya kwetu. Msitishike.

Sasa mmekwisha kuona kwamba namba hii si kipimo cha nguvu. Lita ya petroli ya 95 haina joto zaidi ya lita ya 91. Kitabu cha ile Honda GX160 chataka 91 au zaidi. Ukitia 95, haitavuta maji mengi zaidi, wala haitakwenda saa nyingi zaidi. Lakini injini iliyotengenezwa kushindilia sana, kama za pikipiki za mbio, yahitaji namba kubwa, na ukiipa ndogo itagonga.

Je, kugonga hudhuru nini? Hutoboa kichwa cha pistoni, huvunja ringi na kuunguza gasketi. Magari mengi ya siku hizi yana kifaa kinachosikia mgongo huo na kuchelewesha cheche. Mashine yako ndogo yenye kabureta kwa kawaida haina kifaa hicho. Sikio lako ndilo kifaa chake.

Sasa tuje kwenye mafuta ya taa. Namba yake ya okteni ni ndogo sana. Ukiyachanganya na petroli, unaishusha namba ya petroli yote. Tena hayageuki mvuke upesi; sehemu isiyoungua hupita kwenye ringi, hushuka chini na kuifanya oili kuwa nyepesi. Hivyo injini huumizwa juu na chini. Tatizo hili limejulikana sana katika nchi zetu, kwa kuwa wauzaji wasio waaminifu huchanganya ili wapate faida. Tanzania ilianza kutia alama ya siri katika mafuta mwaka 2010 ili kuwakamata, na Kenya ilitoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyo hiyo.

Mkulima aliyepanda nyanya kwa mkopo, pampu yake ikifa wakati wa maua, hapotezi pistoni tu. Hupoteza mavuno, na deni hubaki. Kwa hiyo shikeni haya:

Kwanza, soma kitabu cha mashine, utie namba kinayotaka. Usipunguze, wala usilipie zaidi bure.

Pili, nunua petroli kituoni, si kwenye chupa za barabarani.

Tatu, mashine ikigonga, punguza mzigo mara moja. Kisha tafuta sababu. Huenda si petroli. Huenda mapezi ya kupozea silinda yamejaa matope, au masizi magumu yameganda juu ya pistoni, au plagi si ya aina yake, au kabureta inatoa petroli kidogo mno.

Nne, mashine za dizeli, kama nyingi za kusaga nafaka, hazimo katika somo hili. Dizeli hutakiwa iwake yenyewe kwa kushindiliwa, kinyume cha petroli.

Kabla hatujaagana, haya ndiyo maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Kwa nini pampu ya baiskeli hupata moto, nayo yatufundisha nini juu ya silinda?
2. Jirani yako amenunua petroli ya 95 kwa mashine inayotaka 91. Utamshauri nini?
3. Ni nani kijijini kwenu huuza petroli, na mtajuaje kama haikuchanganywa?

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya oili. Kwaherini, na someni kwa bidii.